Ndengu Ndani ya Kikapu

Nikutegee: hukufikia kabla ya mwenyewe, hakina miguu, wala hakibishi hodi. Ni nini? Usikune kichwa sana. Ni jina.

Jina la Mwongeli lilifika mtaani Kimbo kwa simu, kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wauzaji, na siku hiyo lilikuwa limechafuka. Mwongeli alisuka vikapu huko mashariki ya Thika, na hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona uso. Jackie, mmoja wao, alikuwa ametuma picha ya kikapu alichonunua, na ndengu, yaani choroko, kiganja kimoja ndani yake.

"Ametuuzia kilichotumika. Oneni, hata hakukung'uta."

"Ni kipya," Mwongeli aliandika.

Lynn, msimamizi wa kundi, akauliza: "Nani anamjua huyu? Asipopata wa kumsemea kabla ya saa kumi, namtoa."

Kumsemea mtu pale ni kama kumsimamia harusini: akianguka, mnaanguka wawili.

Wamboi, nyanyake Lynn, alikuwa ameketi juani kando ya mjukuu wake, simu mapajani. Yeye pia aliwahi kununua kikapu kwa Mwongeli. Aliliangalia lile swali mpaka herufi zikaanza kuelea, na usingizi ukamjia taratibu kama chai inavyopoa. Akaona vikapu vikitembea vyenyewe kando ya barabara, vikitoka kule mashariki kwenye joto, vikisimama kila mlango na kusalimia. Mlango wa mwisho ulikuwa wa mamake, aliyekufa zamani. Mama akapokea kimoja, akaingiza mkono ndani kabla hata ya kusema karibu.

Wamboi akaamka. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja, kana kwamba vimeshika kitu.

"Lynn, kikapu changu kilikuja na nini?"

"Ndengu, cucu. Si ulizipika?"

"Nilizipika. Na mamangu akipelekea jirani viazi, kikapu kilikuwa kikirudi kitupu?"

"Sasa mimi ningejuaje? Sikuwa nimezaliwa."

"Basi uliza waliozaliwa."

Lynn akatazama saa. Zilibaki dakika mbili. "Cucu, huyu akikuaibisha, Jumapili utaingia kanisani na uso gani?"

"Huu huu, wenye mikunjo."

Wamboi akabonyeza pale pa kurekodi sauti, akaisogeza simu mdomoni.

"Mimi Wamboi namjua. Ni mtoto wa watu wasiotuma kikapu kitupu."