Kisanduku cha Nobu Moja

Mimi ni fundi redio, na fundi ukimwomba ushauri halafu ukaukataa, anakasirika. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba siku ile nilianza kumkasirikia Mzee Leodgar kwa sababu ya kijinga kabisa, kabla sijapata sababu ya maana.

Ilikuwa Septemba 1996, nyumbani kwake, mtaa wa Makanyagio. Sebuleni kwake hapakuwa na pa kukaa. Meza moja ilijaza chumba chote, na juu ya meza kulikuwa na reli ya mfano: kituo kimoja kidogo cha porini ambako alikuwa stesheni masta mpaka alipostaafu. Jengo alilikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia, vilima akavitengeneza kwa magunia na udongo wa kichuguu. Injini alipewa na Bruda mmoja wa misheni aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Kulikuwa pia na toroli, kile kigari cha mafundi wa reli. Hilo nililiunda mimi kwa kopo la dagaa na mota ya redio kaseti.

Toroli lile lilikuwa mfano wa toroli la kaka yangu. Nashon alikuwa kiongozi wa genge la kukarabati njia. Mwaka 1988 waliingia relini asubuhi, wakakutana na treni ya mizigo kwenye kona, wakafa yeye na wenzake watano. Wakubwa walipokuja kuchunguza, kitabu cha kituo kilionyesha kwamba Nashon hakupewa njia, yaani ruhusa ya kuingia relini. Mzee Leodgar aliulizwa, akasema hakumruhusu. Alilia aliposema hivyo, na msibani kwetu alilia tena. Basi ikawa Nashon ndiye aliyewaua wale watano.

Mama aliipokea habari hiyo kama alivyopokea kila kitu, bila kelele. Mvua za kwanza zilipoanguka mwaka ule, alibeba jembe akaenda kwa mjane wa kwanza, akamlimia shamba siku nzima. Kesho yake akaenda kwa wa pili. Siku tano, mashamba matano. Hakuna aliyemwomba, na kila mwaka alirudia. Josephina, mjane wa tatu, hakuwahi kuitikia salamu yake hata siku moja. Alikaa mlangoni akimwangalia tu, na Mama alilima huku anaangaliwa.

Kwa hiyo mkiniuliza nilifuata nini kwenye meza ile miaka miwili, nitawajibu kwamba Mzee aliniambia anataka kuelewa ilikuwaje. Nami nilitaka hivyo hivyo. Isitoshe nilimpenda. Alinifundisha Kiingereza cha kusomea vitabu vya redio, akaniita mwanangu.

Shida yetu ilikuwa umeme. Reli ya mchezo ya kawaida, ukiipa umeme, kila kilicho juu yake kinaondoka. Treni ikienda, toroli nalo linakwenda. Tusingeweza kuonyesha ajali ilivyotokea. Bruda akaandika kwamba siku hizi kuna visanduku vya dijitali: umeme unabaki relini muda wote, kila injini inawekewa kidude chenye namba yake, na ukibonyeza namba hiyo ni hiyo peke yake inayokusikia. Alituma maelezo ya visanduku viwili, akasema atatununulia kimoja. Tuchague.

Niliyasoma yale makaratasi siku tatu. Nilikuja nimejiandaa.

"Mzee, hiki cha bluu ndicho chenyewe," nilisema. "Kina nobu mbili, kama za kutafutia stesheni redioni. Mkono huu unashika treni, mkono huu unashika toroli. Vyote viwili unavyo kwa wakati mmoja."

"Na hicho kingine?"

"Hicho cha kizamani kidogo. Nobu moja. Unabonyeza namba ya toroli, unaliendesha. Ukitaka treni, unabonyeza namba ya treni."

"Toroli linasimama?"

"Ndiyo ubaya wake, halisimami. Linaendelea na mwendo uleule uliolipa. Linashika amri ya mwisho mpaka ulirudie."

Alivua miwani. "Halijui kwamba umeliacha?"

"Litajuaje, Mzee? Ni kopo la dagaa."

"Andika hicho," alisema. "Cha nobu moja."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nilimwambia nimesoma siku tatu, siyo ili yeye achague kitu kibovu. Nilimwambia kwa kisanduku hicho kila siku atakuwa anagonganisha, kwa sababu binadamu akishageukia cha pili anakisahau cha kwanza. Nilisema, nakumbuka vizuri, "Utamuua Nashon kila ukikaa hapo."

"Ndivyo nilivyomuua," alisema Mzee Leodgar.

Nilidhani ni uzee. Lakini aliendelea, sauti ileile, anaangalia kituo chake cha kopo.

"Alikuja ofisini akaniomba njia. Nikamwambia ingia, una dakika arobaini. Nilikuwa nakunywa chai, nikasema nitaandika nikimaliza. Simu ikalia, kituo cha mbele wanaomba njia ya treni ya mizigo. Nikaangalia kitabu, kitabu kitupu. Nikawapa. Baadaye nikageuka, nikaona koti la mvua la Nashon limebaki kwenye benchi. Ndipo nikakumbuka. Nilikimbia nje. Ungekimbilia wapi?"

"Koti liko wapi?"

"Nililichoma. Lingesema alikuwa ofisini kwangu."

Miaka minane. Nilimshika shati, na bado naona aibu kwamba sikumpiga. Nilimwambia tunakwenda kwa Mama sasa hivi, yeye mbele mimi nyuma, kisha kwa wajane mmoja mmoja.

"Hawataamini," alisema. "Watasema mzee amechanganyikiwa, au ndugu wa Nashon wamemlisha maneno. Kitabu kipo, kinasema alijipeleka. Ngoja hicho kisanduku kije. Nitawaita wote hapa, mama yako akae mbele, nitawaonyesha kwa mikono yangu nilivyofanya. Mtu akiona hawezi kubisha. Subiri, mwanangu."

Nikasubiri. Nimejaribu mara nyingi kujipa sababu nzuri. Ukweli ni kwamba maneno yake yaliniingia, na ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa na hamu ya kukifungua kile kisanduku. Nilijaza fomu ya Bruda pale pale, nikaweka alama kwenye cha nobu moja, nikaipeleka posta kwa baiskeli.

Mvua zilianza katikati ya Novemba. Asubuhi moja nikiwa kibandani kwangu nachomelea waya, Mama alipita na jembe begani. Alikuwa amevuka miaka sabini. "Nkwabi, mimi naenda," alisema. Nikamjibu, "Haya, Mama." Nikaendelea kuchomelea.

Siku ya tatu, kwa Josephina, alianguka katikati ya tuta. Vijana wa jirani walimleta wamembeba juu ya ubao wa mlango. Alikuwa anapumua kwa shida na mkono mmoja haumtii.

"Yamebaki mawili," aliniambia. "Nenda kanimalizie."

Nikapiga magoti nikamwambia yote. Nilimwambia Nashon aliomba njia akapewa, nilimwambia kuhusu simu na koti. Nilisema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kisukuma. Alinisikia mpaka mwisho. Kisha alinitazama kwa huruma, jinsi anavyotazamwa mtoto anayedanganya ili asichapwe.

"Usimsingizie mzee wa watu," alisema. "Alilia na sisi."

Alikufa kabla ya adhuhuri.

Kifurushi kilifika Januari. Nilikichukua posta, nikakipeleka Makanyagio bila kukifungua. Tulifunga vile vidude viwili, kimoja kwenye injini na kingine kwenye kopo la dagaa, na hatukusemezana isipokuwa habari za waya. Jumapili mchana, baada ya ibada, wajane watano walikuja. Nilileta jenereta yangu ndogo nikaiwasha uani. Mzee alikuwa amevaa koti lake la kazi, vifungo vyote.

Hakuhutubia. Alibonyeza namba ya toroli, akazungusha nobu. "Huyu ni Nashon. Ameniomba njia, nimempa." Kopo la dagaa likaondoka kituoni, polepole, na ndani yake vijiti sita nilivyovichonga. Kisha alisema, "Simu imelia," akabonyeza namba ya treni. Injini ikatokea upande wa pili wa kilima. Toroli halikusimama.

Nobu ilikuwa mkononi mwake. Bado angeweza kubonyeza namba ile nyingine.

"Msimamishe!" Josephina alipiga kelele.

"Sikumsimamisha," alisema Mzee.

Kelele ya mgongano ilikuwa ndogo tu, bati na bati. Vijiti vilimwagika. Injini haikuzimwa, ikabaki inalisukuma lile kopo, magurudumu yanazunguka palepale. Mjane mmoja alijifunika khanga usoni. Mwingine alimtemea Mzee mate kifuani, naye hakujifuta.

Mama angekaa mbele, kama tulivyopanga. Nilikuwa nimemwekea kigoda chake bila kufikiri, na hakuna aliyekikalia.

Josephina alikiangalia kigoda kile, kisha akanigeukia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzungumza na mtu wa kwetu tangu 1988.

"Mama yako alijua haya?"

"Nilimwambia siku anakufa. Hakuniamini."

"Na wewe umejua lini?"

Ningeweza kudanganya. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, asingenisaliti.

"Septemba," nilisema.

Alihesabu kwa midomo, bila sauti. Novemba alikuwa amekaa mlangoni pake akimwangalia mwanamke mzee akilima.

"Kwa hiyo alipokuja kwangu na jembe," alisema, "wewe ulikuwa unajua."

Nikasema ndiyo.