Mapumziko Yasiyo na Kikomo

Dada Pasi alikuwa ameshanyoosha shuka sitini za wodini, daftari lake la fasihi limeegemezwa kwenye chupa ya maji ya kunyunyizia. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa wiki tatu mbele, naye ana miaka arobaini na miwili. "Tasfida," alijisomea, "ni kutumia maneno laini kufunika jambo kali."

"Hiyo tasfida itakukaushia shuka?" alimtania Bibi, mfuaji mkongwe kuliko wote katika chumba kile cha kufulia cha hospitali.

Wenzao wakacheka. Walimtania, lakini karatasi yoyote ikiletwa ni yeye aliyewasomea, na akishasaini yeye, wote saba walifuata bila kuuliza. Mwaka jana aliwasomea ya "kuimarisha ushirikiano kazini". Aliipenda, akasaini wa kwanza. Kumbe ushirikiano wenyewe ni mmoja kufanya kazi ya wawili. Mgongo wa Bibi haujapona mpaka leo, wala hajamlaumu hata siku moja. Afadhali angemlaumu.

Saa nne msimamizi aliingia na karatasi na tabasamu. Tabasamu la mtu yule halijawahi kuleta heri.

"Wasomee wenzako, dada. Saini haraka, nawahi kikao."

Akasoma kwa sauti: "Sisi wafanyakazi tumeomba kwa hiari yetu mapumziko yasiyo na kikomo, kwa ajili ya afya zetu."

"Mapumziko?" Bibi akauliza. "Mimi hata nikilala sipumziki."

Dada Pasi aliirudia kimoyomoyo. Akiwapotosha tena, atawatazama kwa macho gani?

"Hii ni tasfida," akasema. "Tunafukuzwa. Na imeandikwa tumeomba wenyewe, ili tukose kiinua mgongo."

"Hapa si darasani," msimamizi akasema.

"Basi andika tunafukuzwa, mkubwa. Nitasaini sasa hivi."

Msimamizi akampita, akamfungulia Bibi kidau cha wino, maana Bibi husaini kwa dole gumba. Bibi aliutazama wino, akamtazama Dada Pasi, kisha akazamisha mikono yote miwili kwenye beseni la sabuni.

"Nimelowa, mwanangu," akamwambia msimamizi.

Mmoja mmoja, wengine nao wakaingiza mikono majini.

Msimamizi alikunja karatasi yake. "Wewe Pasi, kesho usije."

"Nimefukuzwa?"

"Umepumzishwa."

"Nipe kwa maandishi."

Msimamizi alitoka akaubamiza mlango. Kesho mlinzi wa getini hatamruhusu Dada Pasi kupita, na kazi haziokotwi barabarani. Aliogopa, lakini hakujuta. Akachana ukurasa kwenye daftari, akaandika kwamba hakuna aliyeomba mapumziko yoyote, akaweka tarehe, akawasomea.

"Tunasaini wote," akasema. "Tunampelekea mganga mkuu leo hii."

Kijana wa kukausha nguo akanyoosha mkono kuchukua kalamu. Bibi akamzuia.

"Subiri," akasema. "Isome tena, mwanangu. Polepole, na kila neno utueleze."