Fundi Rangi Aliyegota Dari ya Mahakama

Siku ile ya kesi, mjinga alikuwa yeye fundi rangi, na hilo hulisema mwenyewe kabla hujamuuliza. Aliingia mahakamani amevaa suti ya kijivu aliyoazimwa na dobi, nayo ni ya mteja, na mifukoni ameshindilia mawe kumi na mawili ya mizani.

Mawe yalikuwa ya kumweka chini. Tangu kampuni ya ujenzi iliyokuwa ikimpa kazi ifunge milango, kipato chake kilikuwa kinashuka na yeye anapanda. Mwezi wa kwanza visigino viliacha kugusa sakafu. Mwezi wa tatu akawa anakunywa chai usawa wa kabati. Mwezi wa tano akawa analala amebandikwa darini, shuka likining'inia chini yake. Mwenye nyumba alipokuja alizungumza naye huku shingo imepinda, akasema dari ni sehemu ya nyumba, kodi iko palepale.

Amri ya matunzo ya binti yake nayo ilikuwa palepale, tangu siku ya talaka, enzi zile akipaka ghorofa nzima kwa wiki. Alikuja kuomba ipunguzwe. Isipopunguzwa, kabla mwezi haujaisha angewekwa ndani.

"Kwa hakimu huendi unaelea kama mfuko wa nailoni, bwana," dobi alikuwa amemwambia. "Nenda kama mtu."

Akaenda kama mtu.

Hakimu alimkagua kuanzia viatu hadi tai. "Unasema kipato kimeshuka?"

"Kimeshuka, mheshimiwa."

"Mbona naona umesimama vizuri tu. Karani, andika: mwombaji amesimama imara."

Karani akaandika.

Fundi rangi akaona mambo yanamwagika. Akaanza kutoa mawe mifukoni na kuyapanga mezani kwa adabu, moja baada ya jingine. La saba lilipotoka, viatu viliachana na sakafu. La kumi na mbili lilipotoka, alikuwa amegota dari, kati ya taa na feni.

"Feni ipunguzwe mwendo," alisema hakimu. Askari akaipunguza.

"Mheshimiwa, mawe ya kuazima, suti ya kuazima. Mimi halisi ndiye huyu wa huku juu."

"Kazi yako?"

"Kupaka rangi. Kuta na dari."

"Na sasa huhitaji ngazi."

Kusema kweli, huko juu fundi rangi alikuwa ameshaona mahali rangi ilipobanduka, na ukucha wake ulikuwa unakwangua bila kutumwa.

"Basi gharama zako zimepungua," alisema hakimu. "Isitoshe, mwombaji husikilizwa akiwa amesimama, na ulipokuwa umesimama ulikuwa imara, imeandikwa. Amri inabaki ilivyo. Ukishuka, funga mlango."

Hakushuka. Binti yake wa miaka saba, aliyekuwa kwenye benchi na mama yake, alimrushia kamba ya kurukia ikanasa kwenye kifundo cha mguu, akatoka naye mbio ukumbini. Mawakili waliinamisha vichwa kumpisha, wakaendelea na mazungumzo yao. Kule uani upepo ukamchukua, akapinduka mara mbili, suti ya watu ikajaa hewa, na fundi rangi, aliyetoka kushindwa kesi dakika hiyo, akajikuta anacheka hadi machozi.

"Tena, baba! Pinduka tena!"

Akapinduka tena. Mtalaka wake, mpishi, akaja nyuma yao taratibu na mkoba wa shule wa binti begani.

"Mama wa mtoto," aliita kutoka juu, "umejionea. Ungesema neno moja tu mle ndani wangenipunguzia."

"Ungeleta ombi mwezi ule visigino vilipoinuka, baba wa mtoto. Unakuja leo, tena na suti."

"Niliona aibu."

"Haya."

"Lakini haki iko wapi? Kampuni imefungwa, mtu huna kitu, unaelea hewani, halafu unahesabiwa sawa na aliye chini!"

Mpishi alishika kamba, akaivuta hadi uso wa fundi rangi ukawa usawa wa wake.

"Kampuni hiyohiyo ndiyo niliyokuwa naipikia. Siku waliyofunga milango yenu walifunga na jiko langu. Umeniona nimepaa? Nilikuwa nimembeba mwanao."