Neno la Asiye na Makao

Kalekye hakuwa mwongo. Heri lisemwe mapema, kwa sababu pale Kanyangi wako watu ambao hadi leo wakimwona anapita na mtungi wake wa maji huguna, na kuguna kwao hakuna haki. Alidanganya mara moja tu maishani, na alidanganya kwa ajili ya kanisa.

Ilikuwa wiki ya pili ya Desemba. Akina mama wa kanisa walikuwa wameketi katika darasa la Shule ya Jumapili wakifunga vifurushi vya Krismasi vya watu wasio na makao. Marafiki wa kanisa kutoka Nairobi walikuwa wameleta vitu vya vifurushi ishirini: blanketi, soksi, sabuni, mafuta ya kujipaka, unga, sukari na majani ya chai. Kalekye ndiye aliyekuwa fundi wa kufunga. Unga aliuweka chini, blanketi akalizungusha nje ili mtu alifikie kwanza baridi ikimpata, kisha akakaza yote kwa kamba ya katani. Sabuni hakuiruhusu kukaa karibu na sukari. Alisema chai inayonukia sabuni ni matusi, na maskini hutukanwa vya kutosha bila kuongezewa.

Wale marafiki walikuwa na masharti yao. Kila kifurushi kiende na fomu yenye jina la mtu, mahali anapolala na alama ya kidole gumba, pamoja na video fupi ya mtu huyo akisema neno. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kanyangi nzima walipatikana watu watano, wote wakilala kwenye veranda ya kinu cha kusaga mahindi pale sokoni. Wengine sita walipatikana Ikutha. Jumla yao kumi na mmoja, na vifurushi vilikuwa ishirini.

Mtu mwenye akili timamu angerudisha tisa na kumshukuru Mungu kwamba Kanyangi haina watu wengi wa kulala nje. Lakini Nzisa, mwenyekiti wa akina mama, hakuwa mtu wa kurudisha kitu. Alieleza kwamba wakirudisha tisa, mwaka ujao wataletewa vifurushi vichache zaidi, au wageni wahamishie wema wao Malili, ambako barabara kuu inapita na picha zinatoka vizuri. Akina mama tisa wasimame mahali pa wale waliokosekana, vitu vyenyewe wagawiwe wahitaji baadaye. Nani ataumia?

Kalekye alikataa. Nzisa hakubishana naye, alimtazama tu, na Kalekye akajua anakumbushwa nini. Miaka miwili nyuma, mumewe Musyoka alipozikwa, shemeji yake Muindi alikuja na watu kuondoa mabati ya nyumba, akidai kaka yake hakuacha mtoto na kwa hiyo hakuacha mke. Ni Nzisa aliyelala kwenye nyumba ile wiki mbili mfululizo pamoja na akina mama wa kanisa, wakiimba mpaka Muindi akachoka. Mtu aliyekulindia paa la nyumba yako utamnyimaje jambo dogo namna hii?

Basi akakaa juu ya gunia kwenye ile veranda, kifurushi mapajani, na Nzisa akashika simu.

"Mimi naitwa Kalekye," akasema. "Sina kwangu. Mzee wangu alikufa, sasa nalala tu hapa kwa veranda."

Alikuwa aishie hapo. Lakini neno "alikufa" lilipomtoka, machozi yalimjia bila kuitwa. Tangu mazishi hakuwahi kumlilia Musyoka sawasawa, maana siku zile alikuwa na kazi ya kulinda mabati. Sasa alilia mpaka Nzisa naye akapangusa macho huku simu ikiendelea kunasa kila kitu.

Aliyetazama haya yote kutoka pembeni ni Mutunga, mzee wa kulala pale kikwelikweli. Alikuwa mchimba visima hadi kisima kimoja kilipomvunja nyonga, na wanawe walipoona hafai kitu wakauza shamba lake kule Makueni na kutawanyika. Alimwambia Kalekye kwamba mahali alipokaa hapalaliki, maji ya mvua huingia, na mtu akiamua kudanganya ajifunze kwanza. Kalekye akacheka na pua yake ina kamasi. Jioni ile alimpelekea kifurushi chake. Mutunga akawa na mablanketi mawili, akalitandika moja na kujifunika jingine, na Kalekye akarudi kwake ameridhika kwamba ule uongo umezaa jambo jema.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Video za wengine zilitazamwa zikasahaulika, lakini ile yenye machozi marafiki waliipenda, wakaisambaza. Ilizunguka kutoka simu hadi simu mpaka Januari ikamfikia Muindi kwenye mnada wa mbuzi Ikutha. Watu waliokuwepo wanasema aliitazama mara tatu, kisha akamnunulia soda aliyemwonyesha.

Safari hii hakuja na watu wa kuondoa mabati. Alikwenda kwa naibu chifu, tena amevaa koti. Ili shamba la Musyoka libadilishwe jina ilihitajika barua ya kutaja walioachwa na marehemu, na Muindi alitaka iandikwe kwamba mjane alishahama boma kwa hiari yake na kwamba siku hizi analala sokoni. Hakuomba aaminiwe kwa mdomo mtupu. Alikuwa na ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuwa sauti ya Kalekye. Wazee wa mbai, yaani ukoo wa Musyoka, wakaitwa wakutane Alhamisi ya mwisho ya Februari.

Kalekye alimkimbilia Nzisa. Alimwomba aseme ukweli mbele ya wazee, basi, hakuna zaidi. Nzisa alikuwa akichambua pojo na hakuacha kuchambua. Marafiki walikuwa wameahidi kulijengea kanisa tangi la maji, akasema, na ikijulikana kwamba fomu tisa zilikuwa za uongo, tangi limekwenda na jina la kanisa limekwenda. Avumilie kidogo, wazee watasahau. Kalekye akaondoka. Alikuwa amezoea kumwogopa Muindi, lakini hakuwahi kufikiri kwamba angemwogopa pia mtu aliyemlindia nyumba.

Wiki tatu zilizofuata aliishi kama mfungwa. Akienda mtoni aliogopa atakuta kufuli mpya mlangoni, kwa hiyo akanunua maji kwa mwenye punda. Kanisani hakwenda. Sokoni hakwenda, maana angeonekana sokoni ingesemwa ndiko anakolala. Nyumba aliyoiambia dunia kwamba hana, sasa hakuweza kutoka ndani yake. Usingizi ulimwacha. Alihesabu mabati akiwa kitandani, ishirini na nne, na kila alipofika mwisho alianza tena, akiona aibu kwa yale machozi yaliyomtoka kama ya kukodiwa ilhali yalikuwa yake halisi.

Alhamisi ikafika. Ofisi ya naibu chifu ilijaa, wengine wakasimama dirishani. Simu ilipitishwa kwa wazee mmoja mmoja, kila mmoja akaisogeza sikioni kwa sababu sauti ilikuwa ndogo, na kila mara Kalekye akajisikia akisema hana kwake. Alisikia hivyo mara saba. Alipopewa nafasi alieleza kwamba aliigiza kwa ajili ya vifurushi. Mzee Ngumbau, mkubwa wa ukoo, alimuuliza sasa wamwamini Kalekye yupi, huyu mwenye macho makavu au yule aliyelia. Watu wakacheka.

Nzisa akaulizwa kama ile fomu ya Kalekye iliyokwenda na video ni ya kanisa. Alikubali kwamba ni ya kanisa. Akaulizwa kama yaliyoandikwa humo ni kweli.

"Sisi tuliandika vile mtu mwenyewe alisema," akajibu, macho kwenye viatu vyake.

Kalekye alimtazama hadi alipoketi. Hakuwa na hasira, alikuwa na uchovu tu, na aliona wazi kwamba hakuna mlango uliobaki.

Ndipo Mutunga akaingia, akiburuta mguu, bila kuitwa na mtu. Alikuwa amenawa uso na kuvaa soksi mpya. Alivua kofia, akasubiri kuruhusiwa, na alipoona haruhusiwi akaanza mwenyewe.

"Mimi ndiye nalala kwa hiyo veranda. Mwaka wa tatu huu. Tuko watano, na najua kila mtu analala wapi. Huyu mama hajalala hapo hata siku moja. Alikuja, akalia, akaenda kwake."

Kwa mara ya kwanza tangu Januari Kalekye alivuta pumzi ikafika chini. Hakuna mtu duniani aliyejua zaidi nani hulala pale. Naibu chifu alikuwa ameshachukua kalamu wakati Mzee Ngumbau aliponyoosha mkono.

"Wewe boma yako iko wapi?"

Mutunga alisema hana.

"Basi hapa hatuwezi kukusikia. Mtu hana kwao hawezi kuja kusema juu ya boma ya mwingine. Hilo neno lisiandikwe."

Naibu chifu akaweka kalamu chini. Wazee wakatikisa vichwa kukubali, wengine kwa sauti. Mutunga hakutoka. Alirudi nyuma hatua mbili, akasimama kwenye kizingiti cha mlango, kofia mkononi, akitazama mbele.

Kalekye alimwona. Hili nalo lisemwe, maana baadaye alijaribu kujidanganya kwamba hakumwona. Alimwona, na wakati huohuo akaona mlango mmoja mdogo, na akajua kwamba kuupita ni lazima amkanyage aliyelala pale. Alikuwa amefungiwa muda mrefu mno. Akasimama.

"Wazee, nauliza tu. Mmesema mtu hana kwao, neno lake haliandikwi?"

"Ndiyo hivyo," akasema Mzee Ngumbau.

"Mimi nakubali. Hiyo ni sawa kabisa. Sasa, kama mimi sina kwangu, hiyo video ni neno la mtu hana kwao. Msiiandike. Na kama neno langu linafaa kuandikwa, basi mimi niko na kwangu, na ni pale kwa Musyoka."

Aliyeanza kucheka ni naibu chifu, na wazee wakafuata, na hata waliosimama dirishani wakapigana vikumbo. Muindi alipaza sauti akisema hayo ni maneno ya ujanja, lakini Mzee Ngumbau alikuwa ametamka mbele ya watu wote na mzee hali matapishi yake. Barua iliandikwa saa ileile, jina la Kalekye likiwa la kwanza. Nzisa alikuwa wa kwanza kuja kumkumbatia. Kalekye alikubali kukumbatiwa, huku akitazama mlangoni juu ya bega la Nzisa. Kizingiti kilikuwa kitupu.

Asubuhi iliyofuata alipika chai ya maziwa, akaimimina kwenye chupa, akachukua kikombe kizuri cha wageni na kwenda kwenye veranda ya kinu. Wale wengine wanne walikuwa wakikunja matandiko yao. Mutunga alikuwa ameketi na blanketi mabegani. Kalekye akamimina chai na kumpa kwa mikono miwili, akaanza kumshukuru kwa kwenda jana bila kuitwa. Mutunga alimwacha amalize.

"Mimi nilikuja kusema ukweli, mwaitu," akasema, akimwita mama yangu kama siku zote. "Wazee wakanikataa. Hiyo nimezoea. Lakini wewe uliwaambia ni sawa kabisa."

Kalekye akasema hakuwa na njia nyingine. Mutunga akasema anajua, na kwamba angekuwa yeye pengine angefanya hivyohivyo. Akaonja chai, akaishikilia mdomoni kidogo, akameza.

"Hii chai ni tamu," akasema. "Neno langu hili, utaliandika?"

Wale wanne wakacheka. Yeye hakucheka. Barua ya naibu chifu ilikuwa kifuani mwake, imekunjwa mara nne, na pembe zake zilikuwa zikimchoma. Hangeweza kuondoka bila kikombe cha wageni, kwa hiyo alisimama pale akisubiri, na Mutunga hakuwa na haraka ya kumaliza chai.