Mkataba kwa Jina la Emery

Siku André alipoleta mkataba, Angélique alifunga saluni mapema akaazima viti viwili kwa jirani. Chumba walichopanga mtaa wa La Rochelle, Johannesburg, kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Mbele ndiko mumewe Gaston alikoweka cherehani, nyuma ndiko walikolala. Mtoto wao Emery, kijana wa miaka kumi na minane, alikaa kitandani na pazia limefunguliwa, maana miguu yake haikuwa na nafasi kwingine.

André alikuwa Mzungu wa Pretoria, shingo nyekundu kwa jua. Kazi yake ilikuwa kuzunguka Afrika akizitafutia timu za Marekani vijana wanaojua kurusha mpira, na timu iliyomtuma ilikuwa miongoni mwa timu kubwa za besiboli kule. Alikuwa amemfuatilia Emery kwa miaka miwili, akija Jumamosi kwenye uwanja wa klabu ya mtaa na kusimama nyuma ya wavu na kifaa chake cha kupima kasi. Emery alirusha kwa mkono wa kushoto, na sasa mpira wake ulifika maili tisini na mbili kwa saa. Kijana wa umri ule mwenye mkono ule, André alisema, haokotwi barabarani.

Mtu wa tano chumbani alikuwa Maryanne, wakili Mkenya mwenye ofisi Braamfontein. Alikuwa akisukwa na Angélique kila baada ya wiki tatu, na aliposikia habari za mkataba alisema atausoma bure, asije mtoto akauzwa kama nguo ya mtumba.

"Dola elfu hamsini," André alisema kwa Kiingereza, na Maryanne akawatafsiria wazazi.

"Hamsini ulimwambia kocha mwaka jana, mtoto akiwa na maili themanini na nane," Maryanne alimjibu. "Ameongeza nne. Wewe hujaongeza kitu."

"Ni mtoto wa Johannesburg. Kule hajulikani."

"Basi kama hajulikani, ni nani aliyekutuma hapa mara kumi na moja?"

André akacheka, akatoka nje kupiga simu, akarudi na sitini na tano. Maryanne akafunga faili na kuuliza kama chai ipo. Walikunywa chai. Akatoka tena. Saa kumi jioni walikuwa wamefika elfu themanini, pamoja na ada ya chuo iwapo mchezo utamshinda. Gaston alichukua kipande cha kitambaa kwenye cherehani akajifuta uso. Emery alikunja na kukunjua vidole. Aliutazama mkono wake wa kushoto kama mtu anayeutazama wa mwenzake.

"Yamebaki mambo madogo," André alisema, akafungua ukurasa wa mwisho. "Kupigwa picha ya kiwiko. Halafu umri. Kwa kuwa karatasi zake ni za ukimbizi na hakuna cheti cha hospitali, ligi inataka kipimo cha DNA, mama na mtoto. Wakishajua mama ni huyu, kiapo chake cha tarehe ya kuzaliwa kinatosha. Tumalize kabla ya tarehe kumi na tano Desemba, siku dirisha la usajili linapofungwa."

Maryanne alitafsiri. "Ni mate tu, Mama Emery. Unapitisha pamba mdomoni, basi."

Angélique akasimama, akakusanya vikombe, akaenda kuviosha bombani uani. Aliviosha hadi André alipoondoka.

Jumatatu alisema kichwa kinamuuma. Jumatano alisema ana mteja wa harusi. Ijumaa Maryanne alikuja mwenyewe saluni, akaketi kwenye kiti kana kwamba amekuja kusukwa, na Angélique akaanza kumfumua nywele. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Mama Emery, nisikize. Nimebakiza wiki tatu. Unaogopa nini? Hiyo kliniki ya kupima haihusiani na mambo ya uhamiaji."

Vidole vya Angélique viliendelea kufumua. "Mate yangu haitafanana na yake," alisema.

Maryanne hakugeuka.

"Emery alikufaka," Angélique alisema. "Kule kambini Malawi. Homa ya siku nne. Alikuwa na miaka mbili na miezi nane. Tulimuzika asubuhi, na mvua."

Akasimulia huku akifumua, msuko baada ya msuko. Walikimbia Bukavu, Kongo, wakiwa watatu, na kambini walipewa kadi yenye majina matatu. Baadaye jirani wa kwao aliwaletea Ezéchiel, mtoto wa Héritière, dada yake Gaston, aliyeuawa pamoja na mumewe. Mtoto huyo alikuwa amepita miaka minne, ila njaa ilikuwa imemrudisha nyuma, na aliyemwona alimdhania wa miaka miwili na nusu. Hawakuwahi kumwandikisha. Emery alipokufa hawakwenda kumfuta. Mwezi mmoja baadaye waliondoka kuelekea kusini na kadi ile ile. Johannesburg, mtu wa dirishani kwenye ofisi ya wakimbizi aliangalia kadi, akawaangalia wao, akauliza: huyu ndiye Emery?

"Gaston akasema ndiyo. Angesema hapana, wangemuchukua mutoto. Wangeuliza: huyu wa nani? Tungejibu nini? Basi tukatoka pale, na njiani nikamwambia mutoto, wewe sasa ni Emery. Alikuwa analia. Nikampa biskuti."

"Kwa hiyo huyu ana miaka ishirini," Maryanne alisema.

"Ishirini. Alitimiza mwezi wa sita. Kila mwezi wa sita nampikia wali na nyama, namwambia ni kwa sababu ya baridi."

"Anajua?"

"Hapana."

Jioni hiyo Gaston alifunga safari kwa miguu hadi mtaa wa jirani wa Rosettenville, alikoambiwa na mkewe kwamba Maryanne amepita kununua vitu, akamsihi pale pale mlangoni pa duka. Yeye ataapa. Ataapa kwamba mke ni mgonjwa, kwamba dini haimruhusu kupimwa, chochote. Alikuwa ameshika kofia yake mikononi.

"Baba Emery, mimi siwezi kupeleka kiapo ninachojua ni cha uongo," Maryanne alisema. "Na hata ningeweza, nisingefanya. Siku wakijua, wanavunja mkataba, wanadai pesa, na yeye anafungiwa asicheze popote. Mwambieni mtoto. Mimi nitaongea na André."

Walimwambia Jumapili baada ya ibada. Gaston ndiye aliyepaswa kusema, lakini alipofungua kinywa alianza kuhesabu miaka na miji, na Angélique akamkatiza.

"Papa," alimwita kijana, kama akina mama wa kwao wanavyowaita watoto wa kiume. "Wewe ni mutoto wa Héritière. Jina lako ni Ezéchiel. Emery alikuwa mutoto niliyezaa mimi. Alikufaka."

Kijana alitabasamu kwanza, kama mtu anayesubiri mzaha uishe. Akamtazama Gaston. Gaston alikuwa ameinamisha kichwa juu ya cherehani.

"Kulikuwa na mtoto mwingine," kijana akasema polepole, Kiswahili chake kikikwama kama kila alipokitumia kwa jambo zito. "Mdogo. Tulikuwa tunalala kwa blanketi moja. Mimi nilikuwa nawauliza. Nyinyi mlisema ni ndoto."

"Tulisema hivyo."

"Mara ngapi nimeuliza?"

Angélique aliokota uzi sakafuni, akauzungusha kidoleni.

"Nilikuwa na miaka saba, nikauliza. Nilikuwa na kumi, nikauliza. Ukaniambia niombe nikilala, hiyo ndoto itaondoka. Eish, Mama. Nikaomba. Na ikaondoka kweli."

Akachukua begi lake la besiboli, ingawa siku ile hapakuwa na mazoezi, akatoka. Walisikia geti la uani. Alilala kwa kocha wake siku nne.

Katika siku hizo nne Maryanne na André waliendelea kuvutana. Safari hii hapakuwa na kicheko. André alikuja ofisini Braamfontein akasikiliza habari yote, akavua kofia, akasema neno moja la Kiafrikana ambalo Maryanne hakulijua lakini alilielewa. Kisha akapiga simu Marekani mbele yake. Watu wa timu hawakukasirika. Hilo ndilo lililomwumiza Maryanne zaidi: walikuwa na adabu, na tayari walikuwa na jibu. Mrushaji wa miaka ishirini si sawa na wa kumi na minane. Miaka miwili ile ndiyo waliyokuwa wakiinunua. Wangetoa elfu kumi, bila ada ya chuo.

"Elfu thelathini na ada," Maryanne alisema.

"Kumi na tano, ada nusu. Na jina la kweli kwenye karatasi za kweli, kabla ya tarehe kumi na tano," sauti ya simu ilijibu.

"Karatasi za kweli zinaweza kuchukua miezi. Mpeni hadi Januari, dirisha jipya likifunguliwa."

Sauti ya simu ikasema wanaelewa, lakini nafasi wameshampangia mtu mwingine iwapo huyu atakosekana.

Maryanne alieleza mambo yote La Rochelle siku ya Alhamisi, na kijana alikuja, akasimama mlangoni bila kuketi. Njia ilikuwa moja. Gaston aende ofisi ya wakimbizi akatangaze kwamba mtoto aliyemwandikisha miaka kumi na sita iliyopita hakuwa yule wa kwenye kadi. Huenda wangesahihisha jina upesi, kabla ya tarehe kumi na tano, na mambo yakaisha. Huenda wangelifungua upya faili la familia nzima na kuuliza ni kipi kingine kilichokuwa uongo.

"Na wakifungua?" Gaston aliuliza.

"Mnaweza kunyang'anywa hifadhi. Nyote. Sisemi watafanya hivyo. Nasema wanaweza, na mimi sitaweza kuwazuia."

Gaston alivaa koti. Ilikuwa saa tisa mchana na ofisi zilikuwa zinakaribia kufungwa, lakini alivaa koti, akafunga vifungo vyote. "Nitaenda kesho asubuhi," alisema. "Nitasema ni mimi peke yangu, bibi yangu hakujua kitu. Mutoto aende acheze."

"Nilijua," Angélique alisema. "Tutaenda wote."

Kijana akawatazama, mmoja kisha mwingine. Uso wake haukuwa umelainika. Akatoa simu mfukoni, akampigia André, akaongea naye kwa Kiingereza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeahirisha mazoezi. Maryanne peke yake ndiye aliyeelewa kila neno, naye aliinuka ili amzuie, kisha akaketi tena.

"Amesema nini?" Angélique aliuliza.

"Amesema hatasaini," Maryanne alijibu. "Amemshukuru. Amesema wampe huyo mwingine."

"Msidhani nimewasamehe," kijana akawaambia wazazi. "Sitaki tu kuwa kule nikirusha mpira na nyinyi hapa mnafukuzwa. Siwezi kurusha hivyo."

Tarehe kumi na tano ikapita, na ofisi ya wakimbizi hakwenda mtu. Timu ilimchukua kijana wa Cape Town, wa miaka kumi na saba. André alituma ujumbe mara moja, wa Krismasi, na baada ya hapo hakutuma tena. Kijana alipata kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala upande wa City Deep, na Jumamosi akaendelea kucheza kwa klabu ya mtaa, ambako hakuna aliyekuja tena kusimama nyuma ya wavu. Nyumbani alirudi, alikula, aliosha sahani yake. Hakumwita Angélique mama wala hakumwita jina lingine. Alipomhitaji alingoja hadi ageuke mwenyewe.

Jumapili moja ya mwishoni mwa Januari, Gaston akiwa kanisani, kijana alimkuta Angélique ameketi kwenye kiti cha cherehani, mikono mitupu.

"Alikuwa vipi?" aliuliza.

Angélique alijua anamuuliza nani. "Alikuwa analala kifudifudi," alisema. "Alikuwa anaogopa kuku. Wewe ulikuwa unamfukuzia kuku, anacheka na kulia pamoja." Akalainisha gauni lake magotini. "Sauti yake siijui tena. Kila nikiitafuta, inakuja ya kwako."

"Ulilia alipokufa?"

"Siku ile. Halafu tukaanza safari. Halafu jina lake lilikuwa linaitwa kila siku ndani ya nyumba: Emery kula, Emery amka, Emery umechelewa shule. Ningeanzia wapi kulia? Watu wangeniuliza unamlilia nani, mutoto wako si huyu hapa."

Akaanza kulia. Hakupiga kelele, ilikuwa kama mtu aliyebeba mzigo safari ndefu akajikuta hawezi hatua moja zaidi. Kijana alimtazama. Kisha alikwenda kufunga mlango wa nje, akashusha pazia la dirisha, akageuza kioo kikubwa walichojitazamia wateja wa Gaston kikatazama ukuta, kama alivyoona wanawake wa kanisani wakifanya kwenye msiba. Akachukua godoro kitandani akalitandika sakafuni, akamshika Angélique mkono akamketisha juu yake, naye akaketi kando.

Gaston aliporudi aliwakuta hivyo. Alivitazama vile vyote, kioo, godoro, pazia, akaelewa. Akavua viatu, akaketi upande wa pili wa mkewe.

"Tumwombee," kijana alisema. "Nani anaanza?"

Gaston alianza, akataja jina la marehemu, Emery, mtoto wa Gaston na Angélique, na kwa mara ya kwanza jina lile lilitajwa mle chumbani na hakuna aliyeliitikia kuwa lake.