Mwiko wa Kulani

Nina ukuta usiofika hata kifundo cha mguu: wanaume hawaupandi, mbwa anauruka. Mnipe mji? Bakini na miji yenu, jibu liko jikoni kwa Kulani.

Kulani alikuwa anasonga ugali wa shayiri, ule wa mzazi, unaotobolewa shimo katikati likajazwa samli. Binti yake Ganale, aliyerudi kwao kuzalia, alikuwa amejifungua alfajiri hiyo, mtoto wa kiume, kilio kama tarumbeta. Baba wa mtoto, Korme, alikuwa hajaambiwa. Nani angevuka kwenda kumwambia? Ukoo wa Korme uko ng'ambo ya chemchemi, na tangu ndama wa watu afe palepale majini, koo hizo mbili zilikuwa hazisalimiani isipokuwa kwa mawe.

Si kwamba hawakukanywa. Polisi walifyatua risasi hewani. Vijana wakaokota maganda, wakayatoboa, wakayavaa shingoni. Wazee wakatoza faini ya ng'ombe. Kila upande ukalipa, kisha ukarudi kupigana kwa uchungu wa ng'ombe wake. Mtu aliyekwisha kukasirika, ukimtisha ni kama kupuliza moto ukidhani unauzima.

Ndipo ukasikika ukelele wa wanawake kutoka bondeni. Ukelele ule ukilia, mke wa mtu haulizi kuna nini. Anachukua sinke yake, fimbo nyembamba aliyopewa na mama yake siku ya kuolewa, anatoka mbio, maziwa yamwagike yakitaka. Sinke haimpigi mtu. Inalazwa tu kati ya wanaogombana, na hakuna mwanamume wa Arsi, kabila la koo hizo zote mbili, anayethubutu kuivuka. Atabeba laana ya mama zake wote, na mzigo huo hauna mahali pa kuutua.

Kulani akatoka mbio. Nyumba yake ndiyo iliyo karibu na chemchemi, akafika kabla ya wenzake. Huku mwanawe Tibeso na vijana wa kwao, mikuki juu. Kule Korme na wenziwe, vivyo hivyo. Katikati njia tupu. Akainua fimbo yake, na hapo ndipo alipoona: mkononi ana mwiko, bado umegandwa na ugali. Sinke ameiacha imeegemea ukuta.

Arudi? Akirudi atakuta maiti. Akaulaza mwiko njiani.

Kijana mmoja wa ng'ambo akaangua kicheko. "We mama, umekuja kutupikia? Hiyo si sinke, huo ni mwiko!"

"Mama, toka hapo," Tibeso akasema huku ameuma meno. "Unanitia aibu."

"Nilikuzaa huna hata suruali, leo ndiyo unaijua aibu?" Kulani akamgeukia yule mcheshi. "Ndiyo, ni mwiko. Na ugali wa samli unajua anasongewa nani. Ganale amejifungua leo, dume. Huyo hapo kwenu ni baba wa mtoto, huyu wa kwangu ni mjomba. Anayetaka kumpunguzia mtoto ndugu, aruke hapa kwanza."

Korme, ambaye hata siku ya furaha hamtazami mkwewe usoni, akainamisha kichwa, na mkuki ukainama naye. Lakini yule mcheshi akatanguliza mguu.

Kabla hajautua, akaja mbwa, harufu ya samli imemvuta. Akaulamba mwiko kushoto, akaulamba kulia, akauruka, akaenda zake.

Kulani akashika kiuno.

"Haya! Wa kwanza amevuka. Wa pili ni nani?"

Ule mguu ulirudi taratibu ulikotoka. Mtu akakohoa kuficha kicheko, kikamshinda. Kikavuka kwenda upande wa pili, kitu cha kwanza kuvuka kwa heri tangu ndama afe. Wanawake wengine walipofika wakihema, wakalaza sinke zao pande zote za mwiko, na hakuna aliyediriki kuuondoa. Wanaume wakakaa chini kuzungumza habari za ndama.

Baadaye Kulani alirudi na mwiko wake, akamkuta Ganale amekaa kitandani anavuta harufu.

"Mama, kinaungua nini?"

"Ugali wako."

Nyuma yake aliingia Tibeso, na nyuma ya Tibeso, Korme, macho kwenye vidole vyake vya miguu. Akapewa mtoto, kisha akapewa ukoko. Akaula wote.

Mwiko ukaoshwa upesi. Mzazi alikuwa bado hajala.