Kikombe cha Tirtza

"Hivi Mama Munther, mjukuu wako unampandishaje gari la Myahudi, na mumeo walimuua wao?"

Jirani yangu Rudayna aliniuliza hivyo juu ya ukuta, mikono imejaa majani ya mzabibu. Nikamjibu, "Kwa sababu figo za Nawal zimeshindwa, damu yake inasafishwa hospitali ya upande wao, na magari yetu hayaruhusiwi kuvuka."

Mara tatu kwa wiki, alfajiri, Tirtza alitungoja ng'ambo ya kizuizi cha wanajeshi. Ni mwalimu mstaafu, mama yake mzaliwa wa Baghdad, na Kiarabu chake cha huko kilimchekesha Nawal njia nzima. Hakuchukua hata senti. Kila baada ya sala nilimtaja kwa jina mbele ya Mungu.

Lakini mwanangu, baba yake Nawal, yuko kazini Kuwait, na mwenye kauli nyumbani ni Fayiq, Baba Luay, ndugu wa marehemu mume wangu. Wiki ile alisema, "Basi. Hapandi tena. Watu wananicheka msikitini." Nilimpigia Tirtza simu, nikamshukuru kwa yote, nikamwambia asije Jumanne.

Jumatatu mchana akatokea mlangoni mwetu, peke yake.

Fayiq hamfukuzi mgeni. Alimimina kahawa mwenyewe, akaninong'oneza, "Anywe, aende."

Tirtza alipokea kikombe, akakiweka mezani, hakukigusa tena. Kwetu, mgeni mwenye ombi zito hanywi mpaka mwenye nyumba amkubalie, na kahawa ya mgeni ikimwagwa imepoa, ni aibu ya ukoo mzima.

"Nani kakufundisha haya?" Fayiq akauliza.

"Mama. Alikuwa mkaidi kunishinda."

"Ndugu yangu alilala na risasi chini ya mizeituni yake saa mbili nzima, askari wenu wamezuia gari la wagonjwa. Unalijua hilo?"

"Mama Munther aliniambia. Dada yangu naye alikuwa ndani ya basi lililolipuliwa. Tulimzika bila viungo vyake vyote. Sikuja kupima misiba, Baba Luay. Kesho ni Jumanne."

"Na kizuizi? Utakiondoa kesho?"

"Siwezi. Kila mwaka naandamana na wenzangu, na bado kipo. Nilicho nacho ni gari."

"Gari!" Fayiq akacheka kwa uchungu. "Wametuchukulia shamba, wametuletea gari."

Rudayna, aliyekuwa amejipenyeza mlangoni bila kualikwa, akasema, "Kahawa inapoa, Baba Luay."

"Wewe nyamaza, mwanamke!"

"Nimenyamaza. Ila inapoa."

Fayiq akamtazama Nawal aliyekaa kwenye godoro, miguu na kope zimeshaanza kuvimba. Ana macho ya marehemu mume wangu, yule mtoto.

"Kunywa kahawa yako, bibi," akasema. "Ulichotaka umekipata."

Tirtza alikunywa mpaka mashapo. Mimi nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Sijui kama hiyo ndiyo amani wanayoizungumza redioni. Nilimshukuru Mungu kwa Tirtza aliyeomba, na zaidi kwa Fayiq aliyekubali, maana yeye ndiye aliyekuwa na mzigo mzito. Nikainuka nimbusu mkono.

Fayiq akaurudisha mkono wake taratibu, akavaa viatu, akapita katikati yetu, akatoka.